Mwizi wa Kituo cha Pili

Kila alasiri, kengele ya mwisho ya shule ilipolia, Hasifa ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika uwanjani. Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya ghala la kahawa mjini Bwera, upande wa Uganda, karibu na barabara ambako malori husubiri zamu ya kuvuka mpaka kuingia Kongo. Hasifa aliingia ghalani, akatoa vifuko vinne vya gunia vilivyoshindiliwa makapi ya kahawa, akavipanga chini kwa kuhesabu hatua. Kifuko cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kile cha nyumbani. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vituo vya mchezo wa besiboli. Mchezaji aliyepiga mpira kwa gongo alipaswa kukimbia kutoka kituo hadi kituo, na aliyevizunguka vyote akarudi nyumbani salama aliipatia timu yake pointi moja.

Hasifa alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, naye alikuwa darasa la saba. Baba yake, Mzee Swaib, alikuwa dereva wa lori la chumvi ya Katwe. Alikuwa mtu mpole, lakini jambo moja alikuwa amekwisha kulisema, wala hakupenda kulirudia. Kaka wawili wa Hasifa walikuwa sekondari tayari, na mzigo wa watoto watatu ungemshinda. Hasifa akimaliza la saba angekwenda Kikorongo kwa shangazi yake Kulusum, aliyekuwa na hoteli ya chai na chapati kwenye njia panda, amsaidie kuwahudumia madereva.

Hasifa alimpenda shangazi yake. Lakini mwaka uliotangulia shule iliwapeleka wanafunzi Mweya, ndani ya hifadhi ya wanyama, na huko alimwona mwanamke aliyevaa magwanda ya kijani akimtibu nyati aliyejeruhiwa mguu. Tangu siku hiyo alijua anachotaka kuwa, na alijua pia kwamba njia ya kufika huko haikupitia kwenye chapati.

Ndipo alipotokea Kocha Drani. Alikuwa kijana mrefu kutoka Arua, mtoto wa askari, aliyelelewa kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko kambini. Hakujua Lhukonzo, lugha ya wenyeji wa Bwera, na watoto waliovuka mpaka kutoka Kongo hawakujua Kiingereza, kwa hiyo timu nzima iliongea Kiswahili. Siku ya kwanza aliwapanga wanafunzi mistarini kana kwamba wanakwenda vitani.

"Sikiliza!" alinguruma. "Huu mchezo inaitwa besiboli. Katika mpira wa miguu, nyinyi iko elfu moja mnagombania nafasi moja. Hapa bado tuko wachache. Mimi nilisoma chuo kikuu kwa sababu nilijua kudaka mpira, basi. Na sasa iko koleji Kampala inatafuta watoto wa besiboli. Inawasomesha bure mpaka kidato cha mwisho, na anayefanya vizuri, chuo kikuu inamchukua."

"Afande," aliuliza Nasani, mvulana ambaye hakuweza kunyamaza hata alipokuwa amelala, "hiyo koleji inatoa chakula pia?"

"Inatoa chakula, kitanda, vitabu, na kiboko kwa wanaouliza maswali ya tumbo."

Watoto walicheka sana. Wiki hiyo walijiandikisha sitini. Walipogundua kwamba basari, yaani nafasi ya kusomeshwa bure, haigawiwi kama peremende, na kwamba mpira wa besiboli ukikupiga kwenye ugoko unaona nyota mchana, walipungua hadi kumi na watano.

"Hawa ndio wangu," alisema Kocha Drani. "Basari iliwaita sitini. Mchezo umebakiza kumi na tano."

Miongoni mwao Hasifa ndiye aliyekuwa bora. Alipiga mpira ukapita juu ya paa la ghala. Alidaka bila kufumba macho. Kocha alipotaka kuonyesha jambo alisema, "Tazameni Hasifa." Naye Hasifa alikwenda nyumbani kila jioni akiwa na maneno hayo mawili mfukoni, kama mtu aliyebeba kitu cha thamani.

Muhula wa pili akaja Benedicte.

Benedicte na mama yake walikuwa wametoka upande wa Butembo mwaka uliotangulia, wakikimbia mapigano. Mama yake, aliyeitwa na wote Mama Bene, alipata kibanda katika soko la Bwera akawa anauza makayabo, yaani samaki wakavu wa chumvi, pamoja na mafuta ya mawese. Benedicte alikuwa mwembamba, mwenye magoti makubwa, na alicheka kwa sauti ya kukwaruza. Gongo hakulijua. Lakini alipokimbia, watu waliacha walichokuwa wakifanya.

Kuna jambo moja katika besiboli ambalo Hasifa hakuliweza. Mchezaji akiwa kituo cha kwanza, anaweza kuvizia mtupaji anapourusha mpira, akachomoka mbio hadi kituo cha pili kabla mpira haujamfikia. Hakuna aliyepiga kitu. Ni ujasiri wake na miguu yake tu. Kocha Drani hakuwa na neno la Kiswahili kwa tendo hilo, akachukua lile la Kiingereza na kuligeuza kama lilivyo: kuiba.

"Iba!" alipiga kelele. "Iba sasa! Mbona unalala kama gogo?"

Miguu ya Hasifa ilikuwa ikiganda. Ya Benedicte haikuganda. Aliiba kituo cha pili, akaiba cha tatu, na siku moja ya Jumamosi, katika mchezo wa mazoezi, aliiba mara tatu mfululizo, akateleza kwa ubavu juu ya vumbi huku akicheka.

"Huyu ndiye mwizi wangu!" Kocha alipaza sauti, akapiga makofi. "Tazameni Benedicte!"

Timu nzima ikaanza kumwita Mwizi. "Mwizi, nipe maji!" "Mwizi, leo umekula nini?" Benedicte aliitika kwa furaha. Hasifa peke yake hakulitumia jina hilo. Aliona gere. Lilimkaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Katika mgawo wa glavu alimpa Benedicte ile iliyochanika kidole. Benedicte akashukuru, akaishona kwa uzi wa gunia, na kesho yake akadaka nayo vizuri kuliko wote. Hilo nalo likamuuma Hasifa.

Kisha likaja tangazo. Walimu wa koleji wangefika mjini Kasese Jumamosi ya wiki iliyofuata kuwapima wachezaji wa wilaya nzima. Kutoka Bwera wangechagua mvulana mmoja na msichana mmoja.

Msichana mmoja! Hasifa hakusikia kingine kilichosemwa jioni hiyo.

Siku ya Jumatatu mama yake alimtuma sokoni kununua mawese. Kibanda cha Mama Bene kilikuwa cha mwisho katika safu ya Wakongomani, kisafi, na makayabo yamepangwa kama vigae vya paa. Mama Bene alimjua Hasifa, akamkaribisha kwa uso mkunjufu, akimwita mama mdogo kama kwao wanavyomwita msichana kwa upendo.

"Karibu, mama mudogo. Mawese ya leo iko muzuri sana, imefika asubui." Alijaza chupa polepole, kisha akainamisha kichwa kwa haya. "Niambie kitu kimoja. Mutoto yangu, kule kwa muchezo, anafanya namna gani? Yeye haniambie kitu. Anarudia tu na vumbi."

Lilikuwa swali jepesi. Hasifa angeweza kujibu, "Anacheza vizuri, mama." Jibu hilo lilimfika mdomoni likakataa kutoka. Badala yake lilitoka jingine, ambalo alikuwa hajui kama alikuwa nalo.

"Anaiba sana, mama," alisema, macho yakiwa kwenye chupa. "Jumamosi moja aliiba mara tatu. Hata kocha mwenyewe anamwita mwizi. Wote wanamwita hivyo."

Mkono wa Mama Bene ulisimama. Mawese yakamwagika kidogo juu ya meza, mekundu, na hakuyafuta.

"Ameiba?"

"Ndiyo, mama. Muulize mwenyewe."

Hasifa alichukua chupa yake akaondoka upesi. Njiani alijiambia kwamba hakusema uongo. Alilipima kila neno, akaliona ni la kweli. Benedicte aliiba, mara tatu, siku ya Jumamosi, na kocha alimwita mwizi. Kama mtu mzima amesikia vibaya, hilo ni kosa la nani?

Asichokijua ni kwamba mwaka uliopita, mara tu Mama Bene alipofungua kibanda, mfanyabiashara mmoja alipotelewa na dumu la mafuta akamnyooshea kidole yule mwanamke mgeni. Watu walimzunguka. Wengine walikwisha kuokota mawe. Dumu lilipatikana nyuma ya mlango wa mwenyewe, watu wakatawanyika, na hakuna hata mmoja aliyesema pole. Tangu hapo Mama Bene aliliogopa neno mwizi kuliko alivyouogopa moto.

Jumanne Benedicte hakuja mazoezini. Jumatano hakuja.

"Mwizi wetu iko wapi?" Kocha aliuliza. Hakuna aliyejua. Hasifa alishika gongo, akapiga mpira ukapita juu ya ghala.

"Tazameni Hasifa," Kocha alisema.

Yalikuwa maneno yale yale aliyokuwa akiyatamani kwa miezi miwili, lakini safari hii alipofika nayo nyumbani hayakuwa na uzito wowote.

Jumatano jioni, akitoka kisimani, alimkuta Benedicte amemsubiri kando ya njia. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Hasifa, mie sitarudia tena kule," alisema. "Mutu amemwambia mama asema naiba. Mama akaniuliza, 'Uliiba ao hukuiba?' Mie siwezi kumudanganya mama. Nikasema ndiyo, niliiba mara tatu, lakini ni muchezo. Akasema, 'Wizi iko muchezo?' Akalia. Hakunipiga, Hasifa. Alilia tu. Ijumaa ananirudisha Butembo kwa nyanya."

"Butembo?" Ndoo ilimtikisika Hasifa kichwani. "Lakini huko... si kuna vita?"

"Ndiyo. Lakini mama anasema ni heri huko kuliko mutoto yake kupigwa mawe hapa sokoni." Benedicte alijifuta pua kwa kiganja. Kisha, kama mtu aliyekumbuka lililomleta, akamshika Hasifa mkono. "Sikia. Nimekuja kukuambia kitu. Wewe unaogopa kuiba kwa sababu unaangalia mpira. Usiangalie mpira. Angalia kisigino cha mutupaji. Cha kuume kikiinuka kwanza, rudia haraka, atakurushia wewe. Cha kushoto kikiinuka, kimbia tu, hawezi tena kugeuka. Ni hivyo tu. Uende Kasese, uibe na kwa jina yangu."

Akaondoka mbio, zile mbio zake.

Usiku ule Hasifa alikula matonge mawili tu. Alijaribu tena kulipima kila neno alilolisema sokoni, na kila neno lilikuwa bado la kweli. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa amejenga uongo bila kutumia hata tofali moja la uongo.

Alhamisi hakwenda kupanga vifuko. Alimngoja Kocha Drani mlangoni pa ghala, akamweleza yote, kuanzia glavu iliyochanika hadi mawese yaliyomwagika. Hakujitetea. Alipomaliza alitazama viatu vyake, akingoja kufukuzwa.

Kocha aliketi juu ya kizingiti cha ghala.

"Mimi nililipigia kelele neno hilo uwanjani kila siku," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya kambini tena. "Sikufikiri kwamba iko masikio nje ya uwanja. Kwa hiyo neno ni langu. Lakini kosa ni lako. Chukua vifuko viwili. Twende."

Soko lilikuwa linakaribia kufungwa. Mama Bene alikuwa akifunga marobota, na begi dogo la Benedicte lilikuwa tayari juu ya meza. Alipomwona kocha akamwangalia kwa macho makavu.

"Wewe ndiye mwalimu wa wizi?"

"Mama, kwanza utazame. Baadaye ukitaka kunipiga na makayabo, mimi hapa."

Hasifa aliweka kifuko kimoja mbele ya kibanda, na cha pili karibu na muuza ndizi. Kocha aliokota kitunguu, akasimama katikati. Benedicte aliitwa atoke nyuma ya kibanda. Alipoviona vile vifuko uso ulimkunjuka, akasimama juu ya cha kwanza kama aliyerudi kwao. Kocha aliinua mguu wa kushoto kutupa kitunguu. Benedicte akachomoka. Kuku wawili waliruka pembeni, muuza ndizi akapiga ukelele, na kitunguu kilipotua mikononi mwa Hasifa, Benedicte alikuwa amekwisha kuteleza hadi kifuko cha pili, amekikumbatia kwa miguu yake yote miwili.

"Ndiyo hiyo, mama," alisema Kocha Drani. "Ameiba gunia la makapi. Ameiba mbele ya macho ya watu wote, na gunia bado iko palepale."

Kicheko kilianzia kwa muuza ndizi kikaenea safu nzima. Mama Bene hakucheka mara moja. Alikwenda akainama, akakigusa kifuko kwa vidole kana kwamba anakagua samaki. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alipoinuka, alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

Kisha akamgeukia Hasifa.

"Lakini wewe ulijua. Uliponiambia, ulijua ni muchezo."

"Nilijua, mama."

"Basi kwa nini?"

Soko lote lilikuwa likisikiliza. Hasifa alitamani ardhi impasukie. "Nilimwonea wivu," alisema. "Wanachukua msichana mmoja tu. Nilitaka niwe mimi. Nisamehe, mama. Benedicte, nisamehe."

Benedicte alimtazama. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Ni wewe?" aliuliza kwa sauti ndogo. Akarudi nyuma ya kibanda, na hilo lilimuuma Hasifa kuliko tusi.

Mama Bene aliketi juu ya robota, akamvuta Hasifa asimame mbele yake.

"Sikia, mama mudogo. Mutu akiniletea uongo mutupu, mie nitautambua. Niko mufanyabiashara, naona uongo kila siku. Lakini wewe uliniletea kweli, ukaikata nusu, ukaniuzia ile nusu. Nusu ya kweli ni mubaya zaidi, kwa sababu mutu anaipokea bila kuikagua. Ungesema maneno mawili tu ya kuongeza, 'kwa muchezo,' mutoto yangu asingelala akilia siku tatu. Ulinyima mutu maneno mawili. Wivu, kila mutu anaupata. Hata mie nikiona kibanda ya mwenzangu imejaa wateja. Sikukasirikie wivu yako. Nakasirikia yale maneno mawili."

Akalifungua begi dogo, akaanza kutoa nguo moja moja.

Jumamosi asubuhi Mzee Swaib aliwachukua katika lori lake hadi Kasese: Hasifa na Benedicte mbele pamoja naye, na Mama Bene aliyefunga kibanda kwa mara ya kwanza tangu afike Uganda. Kocha, Nasani na wengine walikaa nyuma juu ya turubai. Hasifa alikuwa amemsimulia baba yake mambo yote. Baba hakumgombeza. Alisema tu, "Leo nitakaa nikutazame mpaka mwisho," na sauti yake ilionyesha kwamba hakuwa na maana ya mchezo peke yake.

Benedicte alitazama dirishani hadi walipoivuka Kikorongo. Hapo akamgusa Hasifa kwa kiwiko. "Kisigino," alinong'ona.

"Kisigino," Hasifa alijibu. Mazungumzo yao ya asubuhi hiyo yaliishia hapo, lakini yalitosha.

Uwanjani Kasese walikuwapo watoto zaidi ya mia moja. Hasifa alipiga vizuri. Benedicte alikosa mipira miwili, akapiga wa tatu, kisha akaiba vituo viwili watu wakasimama vitini. Mama Bene, ambaye hakuelewa sheria hata moja, alipiga kelele kuliko wote: "Vole! Vole, Bene, vole!"

"Mama anasema nini?" Mzee Swaib alimuuliza.

"Kwa Kifaransa," alijibu Mama Bene, akipunga kitambaa chake, "kuiba na kuruka kama ndege ni neno moja. Nimelikumbuka jana nikiwa napika. Siku zote nilisikia tu ile ya kuiba. Leo niko namwambia mutoto yangu aruke!"

Ikafika zamu ya Hasifa. Alikuwa juu ya kituo cha kwanza. Miguu ilianza kuganda kama kawaida yake. Aliuacha mpira, akashusha macho hadi kwenye visigino vya mtupaji. Cha kulia kilikuwa kimetulia. Cha kushoto kikatetemeka, kikainuka.

"Hasifa, vole!"

Ilikuwa sauti ya Mama Bene. Hasifa akaruka. Hakuukumbuka mwendo wenyewe. Alichokumbuka ni vumbi mdomoni, kifuko chini ya mguu wake, na mwamuzi amenyoosha mikono yote miwili kwamba yuko salama.

Mchezo ulipokwisha, mwalimu mmoja wa koleji, mama mwenye miwani na daftari, alimwita kando.

"Kwenye taarifa ya kocha wako imeandikwa kwamba unaogopa kuiba. Leo hukuogopa. Nimeona unatazama visigino. Wachezaji wengi wakubwa hawalijui hilo. Umejifunzaje?"

Hasifa alifungua mdomo. Jibu lilikuwapo, jepesi: "Nimetazama tu mwenyewe." Na lilikuwa la kweli, kwa sababu macho yaliyotazama yalikuwa yake. Aliitambua ladha yake mara moja. Ilikuwa ladha ile ile ya Jumatatu, ya chupa na mawese.

"Nimefundishwa na Benedicte," alisema. "Yule mwenye magoti makubwa. Alinifundisha siku ambayo alidhani yeye hatakuja."

Yule mwalimu aliandika kitu daftarini.

Jioni majina yalisomwa. Kutoka Bwera, mvulana alikuwa Nasani, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikosa neno la kusema. Msichana alikuwa Benedicte. Mama Bene alipiga magoti palepale kwenye nyasi, akafanya ishara ya msalaba.

Lile tonge la zamani lilimpanda Hasifa kifuani. Halikuwa limekwenda mbali. Lakini safari hii alijua jina lake, akatembea nalo hadi alipokuwa Benedicte.

"Nakuonea wivu," alimwambia. "Sana. Na nimefurahi kwa ajili yako. Yote mawili."

Benedicte alicheka ile sauti yake ya kukwaruza, akamkumbatia, na vumbi la mmoja likahamia kwa mwenzake.

Wakirudi walisimama Kikorongo, kwenye hoteli ya shangazi Kulusum. Wengine walipokuwa wakinawa mikono, Mzee Swaib alibaki na binti yake karibu na lori.

"Yule mwalimu ameongea na mimi," alisema. "Anasema mwakani watakuja tena, na jina yako tayari iko kwa daftari yake. Anasema pia kile ulichomwambia."

"Nimejiharibia, baba?"

"Nilikuwa nimepanga leo kuongea hapa na shangazi yako juu ya kazi yako. Sasa nitamwambia atafute mtu mwingine. Utaanza kidato cha kwanza Bwera, tutajibana. Mwakani utajaribu tena." Aliegemea gurudumu kubwa la lori. "Mwanangu, siku ya Jumatatu ulisema kweli ili umwangushe mwenzako. Leo umesema kweli yote, na umejua kwamba inaweza kukuangusha wewe. Hiyo ya pili ndiyo kweli. Mtu anayeweza kuisema hiyo, mimi siogopi kumpeleka shule, hata nikiuza gurudumu."

"Baba Hasifa!" Shangazi Kulusum aliita kutoka mlangoni. "Chapati zinapoa! Na huyu msichana wa Kongo ananiambia kwamba yeye ni mwizi, tena anacheka. Nifiche sahani zangu?"

"Usifiche, shangazi," Hasifa alijibu, akielekea mlangoni. "Ni mwizi wa mchezoni. Anaiba vituo tu."

Na alipolisema, alihakikisha kwamba hakuna neno hata moja lililobaki nyuma.